Kaka, Baba umempa kadi asiyokuwa nayo

Manchester, Jumapili usiku

Kaka, shikamoo.

Kumbe ile laki mbili uliyoniomba si ya bati la uani! Mama kaniambia yote: unataka kuwanywesha kahawa kijiwe kizima mpaka siku ya uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Takrima, ile ya kukirimu wapiga kura, Mahakama Kuu iliizika 2006, wewe unaifufua kwa kashata. Hela nitatuma, ila kwa Mama, na ni ya bati.

Lakini hilo dogo. Lililoniuma ni la Baba. Naambiwa unasimama pale Mapipa unawatangazia watu kwamba 1991 Baba aliiambia Tume ya Nyalali, ile iliyouliza watu chama kimoja au vingi, kwamba anataka vingi. Baba yupi, Kaka? Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwepo aliporudi. Alivua kofia, akaitundika kwenye msumari, akamwambia Mama: "Nimewaambia kimoja kinatosha. Nyumba haiwi na baba wawili." Alikuwa katika wale 80 wa kila 100 waliotaka chama kimoja kibaki. Mwalimu aliposema hao wachache nao wasikilizwe, Baba alibishana na redio mpaka betri zikaisha. Na 1992 vyama vingi vilipopita alisusa kijiwe wiki nzima, hadi muuza kahawa akawa anapita dirishani kwetu anagonga vikombe, kach kach, kach kach, kumbembeleza. Umesahau? Kama unagombea, gombea kwa jina lako. Marehemu usimhamishe chama.

Huku nami nina kijiwe, usicheke. Kila Jumamosi, sebuleni kwangu, watu wanane, wakifika kumi wawili wanakaa kwenye ngazi. Dele la shaba nimeagiza Mombasa (la Zanzibar lilichelewa), tangawizi natwanga mwenyewe. Wananiita Mwenyekiti, tena bila kampeni. Juzi nimemnyamazisha Mkenya mwenye shahada mbili kwa Azimio la Arusha tu. Akabaki anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Ila ikifika saa nne wanaaga, kesho wana zamu ya alfajiri. Ubishi unakatwa katikati kama umeme, nabaki naosha vikombe. Pale kwetu Baba na rafiki yake walikuwa wanasindikizana mpaka mlangoni, kisha Baba naye anamrudisha mwenzake, hoja haijaisha, mara wapo kijiweni tena na benchi bado lina joto.

Kazi ipo, mgongo kidogo tu. Na huyo anayesema mimi nabeba boksi, mwambie kweli, na boksi mojawapo ndilo lililoleta friji ya Mama.

Lile benchi lenye mguu wa tofali bado lipo? Pembe ya Baba anakalia nani siku hizi? Nipigie picha, jioni, watu wakiwepo. Wewe usisimame mbele.

Mdogo wako