Kasino zibandike kanuni za meza ya blakijaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero inayotupata sisi tunaohesabu karata za blakijaki, ule mchezo wa 21, kama burudani ya Jumamosi hapa Dar es Salaam.

Aliyezoea albastini kijiweni anajua kukumbuka turufu zilizokwisha kutoka. Kuhesabu blakijaki ni kazi ya ukoo huo huo. Ikitoka karata ya 2 hadi 6 unaongeza moja. 7, 8 na 9 unaziacha zipite. 10, za picha na ree unatoa moja. Hesabu ikipanda, maana yake 10, za picha na ree zimebaki nyingi, nazo humfaa mchezaji; hapo ndipo dau hupandishwa. Pakiti nzima ikiisha, hesabu lazima irudi sifuri. Jipime nyumbani: ficha karata moja bila kuiangalia, kisha pitisha 51 zilizobaki ndani ya nusu dakika. Ukiishia na moja juu ya sifuri, uliyoificha ni 10, ya picha au ree.

Wengi hudhani wamemaliza hapo. Mezani kwa kawaida kuna pakiti 6, yaani karata 312, kwa hiyo hesabu hugawanywa kwa pakiti ambazo hazijatoka. Hesabu ya 6 zikiwa zimebaki pakiti 5 ni moja na kidogo, si ya kupandishia dau. Zikibaki 2, inakuwa 3, na hapo mchezaji yuko mbele ya kasino kwa karibu asilimia 1. Pakiti hizo unazikadiria kwa jicho, kwa kutazama kimo cha karata zilizotumika pembeni ya mgawaji, huku muziki unapiga na mgawaji anakimbia. Ukidhani zimebaki 2 kumbe ni 3, faida uliyoiona ni nusu tu.

Na hata ukipatia kila kitu, asilimia 1 ni nyembamba mno. Tuseme mtu ana faida hiyo katika kila mkono, yaani kila anapogawiwa karata, jambo ambalo halitokei, na dau lake ni shilingi 10,000. Kwa mikono 10,000 anatarajia milioni 1, lakini kupanda na kushuka kwa kawaida ni kama milioni 1.15, kiasi kwamba karibu mmoja kati ya watano atakuwa bado ameliwa. Kwa saa tatu kila Jumamosi, mikono 60 kwa saa, kufikia idadi hiyo ni zaidi ya mwaka.

Wembamba huo anayejua hesabu anaukubali. Kinachoumiza ni kukaa mezani bila kujua kanuni zake. Ree na 10 zikija pamoja, malipo ya zamani ni 3 kwa 2: dau la 10,000 linaleta 15,000. Meza ya 6 kwa 5 inaleta 12,000. Mkono huo huja karibu mara moja katika kila mikono 21, na hizo 3,000 zinazokatwa zinaipa kasino karibu asilimia 1.4 zaidi, yaani zinameza faida yote ya mhesabuji. Pengine kuna mashine inayorudisha na kuchanganya karata baada ya kila mzunguko. Hapo huna cha kuhesabu. Au mgawaji anachomeka katikati ile karata ya plastiki inayoonyesha pa kuishia kugawa, pakiti 3 hazichezwi kabisa, wakati hesabu nzuri hujitokeza zaidi kuelekea mwisho.

Kasino ina haki ya kujilinda. Kule Atlantic City, Marekani, mahakama ilipoamua mwaka 1982 kwamba mtu asifukuzwe kwa kuhesabu tu, kasino zilijibu kwa kuongeza pakiti na kuchanganya mapema. Lakini mteja aambiwe kabla hajabadilisha fedha zake kuwa chipsi.

Naiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iagize kibao kwenye kila meza, kwa Kiswahili, chenye mambo manne: malipo ya ree na 10, idadi ya pakiti, kama kuna mashine ya kuchanganya mfululizo, na pakiti ngapi huachwa bila kuchezwa. Kibao kiwe mahali ambapo anayesimama nyuma ya viti anakisoma.

Mpenzi wa hesabu za karata,
Kinondoni, Dar es Salaam