YAH: Malalamiko kuhusu utambuzi usio sahihi wa wadudu watoboao mbao

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninaandika kulalamikia ripoti ya mkaguzi wenu iliyodai kwamba wadudu waliotoka kwenye mbao za paa langu ni mbawakawa, na kwa msingi huo ikashauri nyumba nzima ifukizwe dawa, kazi ambayo mmekwisha kuifanya na kulipwa. Wadudu wenyewe, niliowahifadhi kwenye chupa na kumwonyesha mkaguzi kabla ya kazi kuanza, ni nyigu wa familia ya Siricidae.

Kuwatambua hakuhitaji maabara. Mbawakawa ana mabawa ya mbele magumu yanayofunika mgongo kama gamba, ilhali hawa wana mabawa manne membamba yanayopitisha mwanga. Kiwiliwili chao ni kinyoofu, bila kile kiuno chembamba cha nyigu tuliowazoea, na tumbo huishia kwenye kijipembe kifupi kilichochongoka. Jike ana pia mrija mrefu ambao mkaguzi aliuita mwiba wa sumu, ingawa kazi yake ni kutoboa mti na kutaga mayai, wala haumdungi mtu. Hata matundu waliyotokea yalitosha kumzindua: ni ya mviringo kamili, kana kwamba yametobolewa kwa kekee, na ni makubwa mno kuwa ya mbawakawa wasagao mbao kuwa unga, ambao matundu yao kwa kawaida hayazidi milimita 3.

Tofauti hii ndiyo inayoamua tiba. Nyigu hawa hutaga kwenye misonobari na miti ya jamii yake iliyodhoofika au iliyokatwa karibuni, wakipandikiza humo kuvu ambayo mabuu huihitaji ili wakue. Buu huweza kukaa ndani ya mbao miaka 2 au 3, pengine zaidi, ndiyo maana hutokeza paa likiwa limeshaezekwa. Akishatoka, hawezi kuzaliana tena kwenye mbao kavu za nyumba. Mliifukiza nyumba, basi, dhidi ya uvamizi usioweza kuendelea, na familia yangu ikalazimika kuhama bila sababu.

Mahali pa kuwaangamiza ni kwenye tanuri la kukaushia mbao. Kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, ISPM 15, inataka kiini cha ubao kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Ripoti sahihi ingenielekeza kwa aliyeniuzia mbao, ambaye sasa anaitumia ripoti yenu kukana dai langu.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie malipo yote ya ufukizaji, na mnipatie kwa maandishi ripoti iliyosahihishwa, inayomtaja mdudu huyu kwa jina la familia yake na kueleza kwamba aliingia kabla mbao hazijauzwa. Ripoti hiyo ninaihitaji kwa haraka kuliko fedha. Chupa yenye vielelezo bado ninayo, na mtaalamu wenu yeyote anakaribishwa kuikagua.

Wenu mwaminifu,
Mteja