Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Leseni, Tozo na Baraza la Wawakilishi

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755, kutoka 638,498 wa mwaka 2023. Takwimu za aina hii zikisomwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, hupigiwa makofi. Kwetu sisi wenye nyumba ndogo za wageni hazina msaada mkubwa, kwani zinahesabu vichwa vinavyoingia tu. Aliyekaa Nungwi siku tisa na aliyelala Mji Mkongwe usiku mmoja akaondoka na boti ya asubuhi, wote huandikwa mmoja mmoja. Wawakilishi tunawaomba waulize vitanda vilivyolaliwa, na Pemba imepata vingapi.

Jambo kubwa la mwaka huu ni hili: mengi yanayotubana hayapiti Barazani kama mswada. Sheria ya Utalii ya 2009 ilipita kwa hatua zake, ikasomwa, ikajadiliwa, ikatiwa saini na Rais. Lakini madaraja, masharti na ada kwa kawaida hukaa kwenye kanuni, na kanuni ni za waziri. Mjumbe huzisikia zikishaanza kutumika. Anayesubiri mswada ndipo atoe maoni kuhusu ada atasubiri sana.

Kumbukeni vileo, Januari 2024. Leseni za waagizaji zilibadilishwa, bidhaa zikaadimika hotelini, bei ikapanda, na mwezi huohuo waziri wa utalii akajiuzulu. Waagizaji walikuwa wachache, kwa hiyo leseni zilipohama mkono hapakuwa na akiba ya kuziba pengo. Swali la kumpa Mwakilishi si "kwa nini bia hakuna", bali: mwenye leseni mpya anapewa siku ngapi kuingiza mzigo kabla ya wa zamani kusimamishwa?

Bima ya lazima ya Dola 44 kwa wageni kutoka nje, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, ina tatizo jingine, la muda. Mgeni hununua safari yake miezi mingi kabla, na gharama mpya humkuta ameshalipa. Anayelaumiwa ni mwenye nyumba. Pendekezo letu ni tozo yoyote ya mgeni ianze si chini ya miezi sita baada ya kutangazwa.

Barua zetu nyingine hupotea kwa kupelekwa kusiko. Viza, ukaazi na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano, na Baraza haliwezi kuyabadilisha. VAT ya Zanzibar, ushuru wa hoteli, leseni ya utalii, mazingira na kibali cha kazi ni ya huku. Mfanyakazi wa kigeni ndiye anayewachanganya wengi: kibali cha kazi ni cha Kamisheni ya Kazi Zanzibar, cha ukaazi ni cha Uhamiaji, na kukosa kimoja ni sawa na kukosa vyote.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Waziri anaposimama kusoma makadirio, kamati ya kisekta imeshayapitia na ripoti yake iko tayari. Kwa hiyo maoni yamfikie Katibu wa Baraza kabla kamati hazijakaa. Machi ni salama, Mei ni kuchelewa. Yawe kurasa mbili. Tajeni namba ya kifungu au kanuni, maneno yaliyopo, maneno mnayotaka, na gharama kwa nyumba moja, tuseme ya vyumba 8: leseni ya utalii, leseni ya biashara, mazingira, afya, zimamoto, taka. Onyesheni taasisi ngapi zinakagua kitu kilekile. "Tozo zimezidi" peke yake haina pa kushikwa. Wakaguzi watatu kwa choo kimoja, hapo kamati ina la kumuuliza waziri.

Katika Kamati ya Matumizi, Baraza zima linapopitia makadirio kifungu kwa kifungu, mjumbe anaweza kuzuia kifungu hadi apate maelezo. Mara nyingi huishia kwenye ahadi. Andikeni tarehe yake, kwani Hansard, kumbukumbu rasmi za Baraza, ndiyo ushahidi pekee mwakani.

Kamati ya hesabu za Serikali hufuata fedha zilizokwishatumika, ikitegemea ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Mkaguzi wa leseni aliyepewa taslimu bila namba ya malipo haonekani popote katika ripoti hiyo. Msilipe hivyo, hata kwa kuharakisha.

Baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 tuna Baraza jipya. Kamati zina sura mpya, na ahadi za mawaziri waliopita hazijifufui zenyewe. Tutaziwasilisha upya kwa maandishi, pamoja na tarehe zake. Katibu wetu anapokea nakala za risiti za ada zote za 2025 hadi tarehe 28 Februari 2026. Wanachama wa Pemba wazikabidhi Chake Chake. Risiti isiyosomeka ipigwe picha kabla wino haujafutika.