Barua ya wazi kwa vijana wa kompyuta wa Mbeya: tovuti mmejenga nyingi, mmetunza ngapi?

Wanangu,

Nawasalimu kutoka Uyole. Kwa wale mnaonifahamu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, kwa maana barua hii ina maneno makali na sitaki tuanze bila heshima. Kwa wasionifahamu, mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka 31 nilifungua majalada, nikayapa namba, nikaandika folio, yaani namba ya karatasi, kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya kila karatasi iliyoingia, na siku niliyostaafu nilikabidhi chumba ambacho mtu mgeni kabisa angeingia asubuhi na kuipata barua ya mwaka 1987 kabla maji ya chai hayajachemka. Kompyuta nilijifunza ukubwani, enzi za disketi, na sikuwahi kuichukia. Ninachokichukia nitakisema sasa.

Chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kule kwenye miteremko ya Rungwe, kilitengenezewa tovuti mwaka 2013 na kijana mhitimu, mwenzenu. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Alipanda mlimani na kamera ya kuazima, akawapiga picha waasisi wanne waliokuwa bado hai wakiwa wamesimama mbele ya mtambo wa kumenyea kahawa, akachapa upya mihtasari ya mikutano mikuu iliyokuwa imeanza kuliwa na mchwa, na kila msimu akaweka bei ya kilo moja ili mkulima wa kijijini asidanganywe na mnunuzi wa njiani. Mwaka jana katibu wa chama alikuja nyumbani kwangu na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha bila kusema neno. Pale walipokuwa wamesimama waasisi palikuwa na karata zinazozunguka na maandishi ya lugha nisiyoijua. Tovuti ya chama imegeuka kuwa ya kamari.

Tulipofuatilia tukaujua mkasa wote. Jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la kijana, kwa barua pepe ya kijana, na nywila ilikaa kichwani mwa kijana. Alipata kazi Dar es Salaam, akabadilisha laini ya simu, barua pepe yake ya zamani ikamkatalia kuingia, na taarifa za kukumbusha malipo ya mwaka zikaendelea kwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Muda ukaisha, jina likarudi sokoni, mtu wa mbali akalinunua. Nilipompata kijana kwa simu alinyamaza kitambo, kisha nikasikia analia. Sikumgombeza. Siku ya uzinduzi sisi wazee tulikula pilau na kupiga makofi, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyeuliza ufunguo wa nyumba hii unakaa kwa nani.

Uchungu wenyewe ulinipata baadaye, nilipokuja kwenye mkutano wenu pale Soweto, hapa hapa Mbeya, kuomba msaada. Mmoja wenu alisimama akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee, usijali, tutawatengenezea nyingine kwa siku mbili, tena nzuri kuliko ile." Wenzake wakapiga makofi. Mwanangu, hukunielewa. Wawili kati ya wale waasisi tumekwisha kuwazika. Utawapiga picha wapi?

Nikawauliza swali moja, nadhani mnalikumbuka: ni nani anayejua kwa nini wavuti, huu mfumo wa kurasa za intaneti zilizounganishwa, ilibuniwa? Ukumbi mzima wa watu wenye stashahada na shahada ukanyamaza, kisha sauti moja ikasema ni kwa ajili ya biashara. Basi nisikilizeni, kwa sababu jibu la swali hili ndilo linaloniumiza kila ninapoikumbuka tovuti ya chama.

Mwezi Machi 1989, Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva, aliwaandikia wakubwa wake pendekezo. Lalamiko lake lilikuwa hili: watu wanakuja CERN, kwa kawaida wanakaa miaka miwili, wanaondoka, na kwa sababu hiyo taarifa zinapotea daima. Mkubwa wake, Mike Sendall, aliandika juu ya karatasi ile kwamba wazo halijakaa wazi ila linasisimua, akamwachia nafasi ya kulifanyia kazi, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 seva ya kwanza, yaani kompyuta inayowapelekea wengine kurasa, na kivinjari cha kwanza, yaani programu ya kuzifungulia, vilikuwa vinafanya kazi. Rudieni kulisoma lalamiko lile polepole. Wavuti ilibuniwa kwa ajili ya kijana anayehamia Dar es Salaam. Ilibuniwa ili yeye akiondoka, anachokijua kibaki mahali ambapo wengine watakifikia. Ninyi mmepewa dawa ya kuponya usahaulifu, mkaitumia kwa namna ambayo mtu mmoja akipoteza laini ya simu, kijiji kizima kinapoteza kumbukumbu zake.

Kompyuta aliyoitumia Berners-Lee kama seva ilibandikwa karatasi yenye maandishi ya mkono, kwa wino mwekundu, ikiwaonya wapitao kwamba mashine hii ni seva na mtu asiizime. Naipenda sana karatasi ile. Kitu kipya kuliko vyote katika kompyuta za wakati huo kililindwa kwa kalamu nyekundu, kama majalada yangu. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiweka wavuti mikononi mwa watu wote bila kudai malipo, kwa hati iliyoandikwa. Hata hivyo, pamoja na uangalifu wote huo, ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti uliendelea kubadilishwa bila matoleo ya awali kutunzwa, na CERN walipoamua mwaka 2013 kuurudisha kwenye anwani yake ya asili, walilazimika kuanzia na nakala ya mwaka 1992. Kama waasisi wenyewe walipotelewa na kitu kikubwa kiasi hicho, ninyi mnapata wapi ujasiri wa kusema mtatengeneza nyingine kwa siku mbili?

Mwingine ataniambia kwamba mambo ya zamani yalipotea kwa sababu vifaa vilikuwa dhaifu. Hapana. Mwishoni mwa mwaka 1085 mfalme wa Uingereza aliagiza ardhi na mali za nchi yake ziorodheshwe, na mwaka 1086 orodha ikaandikwa kwa wino kwenye ngozi, ikaitwa Domesday. Mwaka 1986 shirika la BBC liliadhimisha miaka 900 ya orodha hiyo kwa kukusanya picha na maelezo ya nchi nzima, kazi iliyofanywa na wanafunzi na raia wengi mno, na yote yakawekwa kwenye diski za leza zilizosomwa na mashine maalumu. Haikutimia miaka 20 kabla mashine hizo hazijawa adimu kiasi kwamba wataalamu walilazimika kufanya utafiti mzima ili kuyaokoa yaliyomo. Ile orodha ya ngozi wakati wote huo ilikuwa inafunguliwa na kusomeka. Siwaambii mrudi kwenye ngozi. Nawaambia kwamba diski, flashi na seva hazitunzi kitu chochote zenyewe. Anayetunza ni mtu aliyepewa jukumu hilo, akaandikwa jina, na akaandikwa atakayemrithi.

Na daftari msilidharau. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles kilipojaribu kuwasiliana na kompyuta ya taasisi ya Stanford kupitia ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, walikusudia kutuma neno LOGIN, zikafika herufi mbili tu, L na O, kisha mfumo ukaanguka. Walirudia baadaye usiku uleule wakafanikiwa, na tunaijua saa yenyewe, saa nne na nusu usiku, kwa sababu mtu alishika kalamu akaiandika kwenye daftari la kazi. Miaka 22 kabla ya hapo, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta mdudu aitwaye nondo amenasa ndani ya mashine, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari lao na kuandika maelezo pembeni. Nondo yule bado yupo, kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Watu hawa walikuwa wajuzi kuliko mimi na ninyi, na hawakuona aibu kuandika.

Binti zangu, hili ni lenu kwa namna ya pekee. Kompyuta ya ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipoonyeshwa hadharani huko Philadelphia mwezi Februari 1946, walioipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita, na siku hiyo hawakutambulishwa kwa kazi yao. Picha zikabaki zikiwaonyesha wamesimama mbele ya mashine bila majina, na miaka mingi baadaye wapo waliodhani walikuwa wanamitindo waliowekwa kupendezesha picha, hadi mtafiti Kathy Kleiman alipoanza kuwatafuta na kuwauliza. Andikeni majina yenu kwenye kazi zenu. Kila picha mnayoiweka popote, iwekeeni majina ya waliomo.

Sasa niwageukie na watu wazima wenzangu, maana si haki lawama yote iwaangukie watoto. Taasisi zetu zinapenda uzinduzi. Mgeni rasmi atatafutwa, utepe utakatwa, fulana zitachapishwa, lakini ukifungua bajeti ya mwaka unaofuata hutaikuta ada ya jina la tovuti, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya ile keki. Kijana analipwa mara moja, tena kwa kuchelewa, kisha anatarajiwa ailinde tovuti maisha yake yote kwa mapenzi. Na kumbukumbu za nchi tunazitendea hivyo hivyo. Vijana wetu wanafundishwa habari za ENIAC kwa ajili ya mtihani, lakini sijakutana na hata mmoja aliyefundishwa kwamba kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, au kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jitihada za kuhamishia hesabu zake kwenye mashine hizo kuishia kwenye vurugu na hasara. Hiyo ni historia yenu! Wapo wazee waliozigusa mashine zile, na kila mwaka tunazika wengine bila kuwauliza. Hata hizi za juzi zinapotea: ni nani ameandika jinsi tulivyokuwa tukilipia nusu saa ya intaneti pale Mwanjelwa na kuisubiri picha moja ishuke mstari kwa mstari kupitia satelaiti, kabla mkongo wa baharini haujafika Dar es Salaam mwaka 2009?

Msitegemee pia kwamba kampuni kubwa zitawatunzia. GeoCities ilikuwa na kurasa za mamilioni ya watu wa kawaida, Yahoo ikainunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga. Wanaojitolea ndio waliokimbizana na muda kunakili walichoweza.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la chama, shule au kwaya yenyewe, kwa barua pepe ya ofisi ambayo katibu ajaye atakabidhiwa, wala lisiandikishwe kwa jina lenu hata kama mnaaminiwa vipi. Nywila ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe kwenye bahasha yenye lakiri, zikae kwenye sefu ya ofisi, na zikibadilika bahasha ibadilishwe siku hiyohiyo. Tarehe ya malipo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Nakala rudufu ziwe mbili, na moja isikae jengo moja na kompyuta. Mnalikumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua. Mihtasari na picha muhimu zichapishwe kwenye karatasi. Maelezo ya namna mlivyojenga yaandikwe kwa Kiswahili ambacho karani atakielewa. Ada ya utunzaji itajwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Programu zilizonakiliwa bila leseni acheni.

Niwaeleze pia tulikofikia, kwa kuwa kijana yule aliyelia kwenye simu hakuishia kulia. Alirudi Mbeya kwa basi la usiku, akatafuta tovuti yetu ya zamani kwenye hifadhi ya Internet Archive, ile aliyoianzisha Brewster Kahle mwaka 1996 kwa lengo la kunakili kurasa za wavuti kabla hazijafutika, akakuta kurasa tatu. Mbili ni za bei za misimu. Ya tatu ni ile ya waasisi, maelezo yote yapo, picha haipo, mahali pake kuna kisanduku kitupu. Katibu amezinakili bei zote kwa mkono kwenye kaunta buku huku kijana akimsomea, nami nikaweka namba kila ukurasa.

Picha ya karatasi tumeipata moja, nyumbani kwa mjane wa mwasisi mmoja karibu na Tukuyu. Nyuma ya waasisi wamesimama watu wengine kumi na mmoja ambao hawakuandikwa popote. Bibi anawakumbuka wote, na macho yake bado yanaona akiisogeza picha dirishani. Jumamosi nitakwenda kwake na daftari. Nahitaji wawili kati yenu, mmoja mwenye skana na mmoja mwenye mwandiko mzuri. Tukutane stendi ya Kabwe saa moja asubuhi, nauli nitalipa mimi.