Napoli haikuwa vita tu

Mhariri,

Makala yenu juu ya Napoli imeniacha na kiu. Mmesimulia vizuri jinsi Mfalme Alfonso wa Aragon alivyomng'oa Mfalme René wa Anjou mwaka 1442, askari wake wakipenya mjini kupitia mfereji wa maji chini ya ardhi. Lakini Colantonio, mchoraji wa Napoli wa enzi hiyo, je? Mimi ni mchoraji, siwezi kunyamaza. Itazameni picha yake ya Mtakatifu Jerome, iliyopo katika jumba la makumbusho la Capodimonte mjini humo: mzee amemshika simba mguu, anamchokoa mwiba taratibu, na nyuma yake vitabu vimerundikana ovyo rafuni. Wafalme walipokonyana kiti, yeye akaendelea kuchora, na mchoraji Antonello da Messina akajifunza kwake. Mpeni japo aya moja, tafadhali.

Msomaji wenu wa siku nyingi