Barua kwa Mwanaidi: milango ya makabati ya nyumba ya Sahare

Keko, Dar es Salaam
9 Februari

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Natumaini wewe, Baba Rashidi na watoto hamjambo, na miguu ya Bi Mkubwa imepata nafuu. Sisi huku wazima, ila joto la mwezi huu linatutoa jasho karakana nzima tangu asubuhi.

Picha na vipimo nimevipata. Hongera sana mwenzangu, nyumba imesimama. Swali lako ni fupi na jibu lake refu, ndiyo maana nimeona niandike badala ya kupiga simu: je, ile milango myeupe inayong'aa ya kwenye picha uifunge nyumba nzima, jikoni, sebuleni na chumbani? Hapana, shoga. Jiko lako lina upande wa maji, upande wa moto na upande mkavu. Chumbani kuna nguo, sebuleni kuna vyombo vya Bi Mkubwa. Kila mlango tuuulize kwanza unafunika nini, rangi itafuata. Na nyumba yenyewe iko Sahare, huko Tanga, bahari unaisikia ukiwa kitandani, kwa hiyo chumvi na unyevu vitaingia kila mahali hata ukifunga madirisha.

Nianze chini ya sinki, maana hapo ndipo makabati mengi yanapoharibikia. Milango ya picha yako ni MDF iliyopigwa rangi. MDF ni mti uliosagwa ukawa nyuzi, ukachanganywa na gundi na kukandamizwa kwa joto kali. Kwa kazi ya rangi sijaona inayoishinda: haina vifundo, uso wake ni sawasawa, na haitanuki na kusinyaa sana kila msimu kama mbao. Lakini maji yakishapata pa kuingilia, hasa ukingoni, inafura, na ikishafura hairudi. Jaribu mwenyewe. Mwambie fundi akukatie kipande cha milimita 18, mpime unene wake, ukitumbukize kwenye ndoo usiku kucha, mpime tena asubuhi. Utakuta kingo zimeumuka kama andazi. Ipo MDF ya kuhimili unyevu, viwanda vingi huitia rangi ya kijani ndani ili itambulike, nayo inachelewa kufura, ila haikutengenezwa ikae majini. Chipbodi, ule ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, chini ya sinki isitajwe kabisa. Ikilowa, skrubu hazina tena pa kushika na mlango unabaki unaning'inia.

Kwa hiyo upande huo usiweke boksi la mbao. Mwashi ajenge rafu za zege azivalishe marumaru, na ya chini kabisa ipande kama sentimita 10 kutoka sakafuni ili maji ya kudeki yasiifikie. Seremala afunge fremu na milango tu kwa mbele, ya mtiki. Mtiki una mafuta yake ya asili, maji hayauingii upesi na mchwa hawaupendi, na bahati yako uko jirani nao: shamba la miti la Longuza, la Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), lipo hapo Muheza. Ukienda kununua angalia jambo moja. Mtiki uliovunwa mchanga unakuwa na sehemu kubwa nyeupe kuzunguka kiini, na ile nyeupe haina kinga yoyote, mchwa wanaila vizuri tu. Taka kiini, kile cha kahawia. Ubao wenye mstari mweupe ukingoni ukatae hata ukipunguziwa bei. Na kwa sababu ya yale mafuta, fundi afute maungio kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kabla ya kupaka gundi, la sivyo gundi haitashika. Mgongo wa fremu, ule unaogusa zege, upakwe dawa ya mchwa kwanza, kwa kuwa mchwa hupanda ndani ya ukuta na wewe huwaoni mpaka ubao umebaki ganda.

Kama mtiki utawaelemea, weka alumini hapo kwenye sinki. Haina uzuri wa mbao, na watoto wakiifunga kwa nguvu nyumba nzima itasikia, lakini maji na mchwa haviiwezi.

Kwenye jiko la gesi mambo ni mengine. Wewe unakaanga bajia za biashara kila siku, na mvuke wa mafuta ukipanda unatua kwenye kila mfereji na kila kona ya mlango, kisha unga na vumbi vinanata juu yake. Milango yenye nakshi na paneli za kuchongwa itakuchosha hapo, utaisugua kwa mswaki. Upande wa moto weka mlango bapa, usio na mchongo wowote, wa ubao wa melamini, yaani uliovikwa uso mgumu laini unaofutika kwa kitambaa, na kingo zake zizungushiwe utepe mnene wa milimita 2. Ile milango iliyovikwa ngozi ya plastiki, inayouzwa kwa bei nafuu na kuonekana kama imepigwa rangi, usiikubali karibu na moto. Joto linailegeza gundi, na ngozi inaanza kubanduka kwenye pembe. Mteja mmoja alituletea milango ya namna hiyo aliyoinunua kwingine, akitaka tuigandishe upya. Hatukuweza kumsaidia, ngozi ilikuwa imeshajikunja.

Na mtungi wa gesi, tafadhali, ukae nje ya nyumba, mpira upite kwenye tundu la ukutani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini. Ukilazimika kuuweka ndani ya kabati, mlango wake uwe na matundu ya hewa kwa chini, na ukuta utobolewe usawa wa sakafu ili gesi ipate pa kutokea nje. Kwenye picha yako nimeona mtungi umefichwa nyuma ya mlango bapa uliobana vizuri, hauonyeshi hata ufa. Unapendeza kwa macho, ila mimi sitakubali uwekewe mlango wa namna hiyo mahali pale.

Weupe wako unaoupenda una mahali pake: makabati ya juu, upande wa dirisha, ya vikombe na sahani. Hapo ni pakavu na mkono wenye mafuta haufiki sana. Fanya MDF ya kijani, ile ya kuhimili unyevu, na msimamie fundi wa rangi. Mlango upakwe pande zote, mbele, nyuma na kingo zote nne, kwa idadi ileile ya mikono. Wengi wanapaka mbele mikono minne na nyuma mmoja, halafu unyevu unaingia kwa nyuma tu, upande mmoja unatanuka, mlango unapinda na pembe haigusi tena fremu. Kingo zipigwe msasa, zipakwe sila, dawa ya kuziba vinyweleo, mara mbili, zipigwe msasa tena, ndipo rangi ipande.

Sasa kabati la vyombo la sebuleni. Hapa ndipo roho yangu ilipo, kwa hiyo nivumilie. Kwa kabati hilo nataka mbao halisi na mlango wa fremu na paneli. Mninga ndio chaguo langu kwa sebule ya pwani. Ukishakauka vizuri hautembei, yaani kusinyaa na kutanuka kwake ni kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingi, na ukipigwa randa rangi yake inatoka ya kahawia yenye michirizi myekundu. Mvule pia unafaa, na ni mgumu kwa mchwa, ila ndani yake hutokea vijiwe vya chokaa vinavyoua meno ya msumeno, kwa hiyo fundi akilalamika usimdhanie mvivu.

Mlango wa namna hii una miimo miwili ya kusimama na vipande viwili vya kulala, vinavyounganishwa kwa ulimi na tundu. Upande wa ndani wa fremu hukatwa mfereji wa kina cha kama sentimita 1, na paneli inakaa humo. Paneli haipakwi gundi hata tone. Gundi inakaa kwenye ndimi nne za pembeni tu. Ubao mpana unatanuka kwa upana wake wakati wa masika na kusinyaa kaskazi ikivuma, kwa hiyo kila upande unaachiwa nafasi ya milimita 2 au 3 ndani ya mfereji ili paneli ipumue. Ukiibana kwa gundi, masika itaisukuma fremu mpaka ifunguke pembeni, au kiangazi kitaipasua katikati. Nimeziona zilizopasuka, ufa unanyooka kutoka juu hadi chini na hauzibiki.

Jambo jingine dogo ambalo mafundi wengi wanaliruka: paneli ipigwe vanishi kabla ya kuingizwa kwenye fremu, pamoja na kingo zake zitakazojificha. Ukiipiga baada ya kufunga, Januari itakapokuja na ukavu wake paneli itasinyaa, na kando ya fremu utaona mstari mweupe wa mbao isiyo na vanishi. Mwambie fundi wako jambo hili, umtazame usoni. Anayejua kazi atatabasamu.

Mbao ununue mapema, sasa hivi ikiwezekana. Zipangwe ndani ya nyumba, si kwenye jua, na kati ya ubao na ubao uweke vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Zikae wiki kadhaa zizoee hewa ya Sahare kabla hazijakatwa. Mninga uliotoka Tabora au Katavi umezoea hewa kavu, ukiukata siku uliyoushusha utakushangaza. Na usinunue mbao za gizani. Taka kuona kibali na alama ya nyundo ya maliasili kwenye mbao zenyewe. Mninga na mkongo, mti mwingine wa mbao ngumu, imekatwa sana. Novemba 2022, kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama, jamii zote mbili za Afrika ziliingizwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Ndiyo maana nakwambia mninga uweke kwenye kabati hilo moja linaloonekana, usiumalizie stoo. Stoo weka paini ya shamba la Sao Hill, Iringa, iliyotiwa dawa, inatosha kabisa.

Milango hii ya sebuleni fundi atataka kuiingiza ndani ya fremu, iwe usawa mmoja nayo. Inapendeza mno, nami naipenda, ila aache uwazi wa milimita 3 kuzunguka. Chini ya hapo, Aprili mtaivuta kwa mikono miwili. Milango ya jikoni iifunike fremu kwa mbele, haina usumbufu huo.

Chumbani usisite hata kidogo, weka luva, milango ya vibao vya kuinama vyenye nafasi kati yake. Unajua yale madirisha ya luva ya nyumba za zamani za mjini Tanga, waliojenga walikuwa wanajua hewa ya pale. Kabati la nguo lililofungwa bapa huku pwani linaotesha ukungu kwenye viatu vya ngozi na kwenye koti la Baba Rashidi analovaa harusini tu. Luva inaruhusu hewa kuingia na kutoka mlango ukiwa umefungwa, na vibao vyake vikiinama kuelekea nje mtu haoni ndani. Kazi yake ni kupangusa vumbi kibao kimoja kimoja, hilo sikufichi. Kama utachoka, weka luva nusu ya juu na robo ya chini, katikati paneli bapa, maana hewa inahitaji pa kuingilia chini na pa kutokea juu. Kabati lisiegemee ukuta wa nje, ule unaopigwa na mvua za kusi. Liache mbali na ukuta kama sentimita 3. Khanga zako zitakaa na harufu ya udi badala ya harufu ya uvundo.

Bawaba nitakununulia mimi hapa Kariakoo, usimwachie mtu. Kwa Sahare nataka za stenlesi, za chuma cha kawaida zitashika kutu kabla ya Idi ya pili. Zile za kikombe zinatobolewa tundu la milimita 35 nyuma ya mlango. Mlango usiozidi sentimita 90 kwa urefu unabebwa na mbili, ukipita hapo weka tatu, na ule wa kabati la nguo unaokaribia mita 2 weka nne. Upana wa mlango usipite sentimita 50, tafadhali. Mlango mpana unavuta bawaba na unamgonga aliyesimama karibu.

Mwambie fundi atengeneze mlango mmoja kwanza, wa jikoni, aufunge, muufungue na kuufunga kwa siku chache kabla hajakata mingine yote. Halafu nitumie vipimo vitatu ambavyo sikuviona kwenye karatasi yako: urefu wa dari ya chumbani, umbali kutoka dirishani hadi kona ya jiko, na unene wa ukuta wa nyuma ya mtungi. Nikivipata kabla ya Ijumaa, bawaba zitapanda basi Jumamosi, na jina la kondakta nitakutumia.

Nisalimie Bi Mkubwa, mwambie vyombo vyake tunavitafutia kabati la heshima. Busu kwa Rashidi na mdogo wake.

Wasalaam,
shoga yako,
Zuhura