Kabla ya kumlaumu mwimbaji, tupime faili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie kosa linalowaumiza waimbaji wasio na hatia katika studio zetu ndogo za nyumbani: wimbo ulioimbwa vizuri kutoka kwenye spika ukiwa umeshuka na kuwa mzito, kisha lawama zote zikamwangukia aliyeimba.

Miezi michache iliyopita niliirekodi kwaya kanisani, bila ala, kwa kinasa cha mkononi, nikarudi nyumbani ili tuongeze kinanda. Mpiga kinanda alihangaika karibu saa nzima akitafuta ufunguo, maana kila alipobonyeza, sauti za waimbaji zilikuwa juu kidogo ya kitufe kimoja na chini kidogo ya kile kinachofuata. Mwalimu wa kwaya akakata shauri kwamba sauti ya kwanza ndiyo iliyoshuka, na mama anayeiongoza akainamisha kichwa asiseme neno. Nami nilinyamaza, jambo ninalolijutia hadi leo, kwani sikuwa nimepima chochote.

Usiku, nilipotulia, niliangalia urefu wa wimbo. Kwenye kinasa ulikuwa dakika 4 kamili. Kwenye kompyuta ulikuwa dakika 4 na sekunde 21. Ni kweli kwamba kwaya inayoimba bila ala huweza kushuka, lakini hushuka polepole, ubeti baada ya ubeti, wala haiwezi kuurefusha wimbo uliokwisha kurekodiwa. Wetu ulikuwa umeshuka kwa kiasi kilekile tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho. Kinasa kilichukua sampuli, yaani vipande vidogo sana vya sauti, 48,000 kwa sekunde, kipimo kilichozoeleka katika video, ilhali kazi niliyoifungua kwenye kompyuta ilikuwa ya sampuli 44,100, kipimo cha CD, na programu haikuwa imewekwa kubadilisha yenyewe. Sampuli zilezile zikasomwa taratibu zaidi, na sauti ikashuka zaidi ya nusu toni moja bila kufikia mbili, ndiyo maana haikukaa kwenye kitufe chochote. Kosa likiwa kinyume, wimbo huohuo ungemalizika kwa dakika 3 na sekunde 40 hivi, na sauti za waimbaji zingepanda na kuwa nyembamba.

Wengi hukimbilia kupandisha noti kwa programu ya kurekebisha sauti. Huko ni kuongeza jeraha: noti hupanda, wimbo hubaki mrefu, na sauti huanza kukwaruza. Dawa ni kuingiza faili upya na kuibadilisha kipimo ipasavyo. Nilipofanya hivyo, kinanda kiliingia bila shida, na mwalimu, baada ya kuelezwa, alimwomba radhi yule mama mbele ya kwaya nzima.

Ombi langu kwa wenye studio ni dogo. Faili inapotoka kwenu, andikeni kipimo chake kwenye jina lake, pamoja na urefu wa wimbo kwa dakika na sekunde, ili anayeipokea alinganishe kabla ya kumwita mtu kuimba upya. Nanyi mnaorekodi nyumbani, hakikisheni kipimo cha kadi ya sauti, yaani kifaa kinachoingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, kila mnapoanza kazi, kwa sababu programu nyingine, hasa ya video, huweza kukibadilisha bila ninyi kujua.

Mrekodi wa muziki,
Morogoro